Daraja Limefungwa, Bibi Yako Yuko Ng'ambo

Tarehe 9 Februari

Mchumba wangu,

Pokea salamu, nyingi kuliko meno yote uliyoyaona yaking'olewa tangu uanze kazi kwa huyo daktari wa meno. Mimi mzima. Goti la kulia linalalamika na la kushoto linamsikiliza mwenzake. Paka amezaa tena ndani ya kapu la mabaki ya vitambaa bila kuniomba ruhusa, na sasa nikitaka kiraka lazima nibishe hodi.

Umesema tuandikiane barua kwa sababu kwenye simu kila ukiniuliza jambo la maana mtandao unapotea. Ni kweli unapotea. Hata mimi sijui kwa nini unapotea palepale. Basi hii hapa, dereva wa basi la asubuhi atakukabidhi kituoni. Usiucheke mwandiko. Shule niliacha darasa la nne, mimi na mwalimu tuliposhindwa kuelewana nani anamfundisha nani.

Habari kubwa ni kwamba shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume. Mimi sijamwona. Nasikia hana nywele, hana meno, na analala mchana kutwa, kwa hiyo amenifuata mimi moja kwa moja. Bibi yako, yaani mke mwenzio, alikwenda huko ng'ambo kumhudumia mzazi, na hajamaliza hata wiki mbili daraja likafungwa. Wamekuta ufa kwenye nguzo ya katikati. Tuliamka tu tukakuta mabati yamepangwa kutoka ukingo mpaka ukingo, na kibao kimesimamishwa: TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU, MIEZI MITATU. Hakuna gari, hakuna baiskeli, hakuna hata mwenye miguu yake mwenyewe. Anayetaka kuvuka apande basi azunguke mpaka daraja la juu, kule mto unakotokea, nusu siku inakwisha njiani. Mtaa mzima unanung'unika.

Kwa hiyo mke mwenzio amekwama. Ndivyo ninavyomjibu kila anayeuliza. "Mzee, mama yuko wapi?" Amekwama. Watu wananionea huruma. Mama muuza chai pale mwanzo wa daraja siku hizi ananiongezea sukari bila kuombwa.

Kazi inaendelea. Unajua sisi tunavyogawana: mimi napima na kukata, yeye anashona. Tangu tufungue kibanda sijakalia cherehani, na yeye hajashika mkasi mkubwa. Sasa nakata, natia vipande kwenye mfuko, nampa mlinzi wa upande huu. Yeye anawapa mafundi wa daraja, ambao wao wana ruhusa ya kupita juu ya mbao, nao wanamkabidhi mlinzi wa upande ule, na shangazi yako anatuma mtu kuchukua. Siku chache baadaye nguo inarudi imeshonwa na kupigwa pasi. Juzi mlinzi ameniuliza, "Mzee, humu hamna hata kikaratasi cha salamu?" Nikamwambia suruali yenyewe ni salamu.

Ni mimi mumeo wa hiari,
Babu

*

Tarehe 2 Machi

Kwa Babu, mume niliyepewa bila kuulizwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikiwa na unyoya wa paka ndani, nikadhani ndiyo mahari.

Mimi sijambo. Kazini kwetu wiki hii kulikuwa na foleni mpaka barazani. Daktari anang'oa, mimi naandikisha na kuwatuliza. Nimejifunza jambo moja kwenye kile kiti changu cha mapokezi: watu wote wanaoingia wanasema "haliumi sana," huku shavu limevimba mpaka jicho limefumba. Nimewazoea. Siwabishii. Ninawaambia tu wakae, zamu yao itafika.

Sasa sikiliza. Nimempigia Bibi. Ameniambia habari za mtoto, za kikohozi cha shangazi, za jirani anayefuga bata wasiolala. Nikamuuliza, "Na Babu je?" Akasema daraja limefungwa. Nikasema hilo najua, naulizia Babu. Akasema mtandao unapotea. Kumbe ugonjwa wenyewe ni wa familia.

Nina maswali mawili tu, na ukipenda unijibu hata moja. La kwanza, kwa nini kwenye ule mfuko hamtii salamu? Mlinzi ameuliza swali zuri na wewe umemjibu kwa mzaha. La pili, hilo basi linalozunguka daraja la juu, wewe umelipanda lini mara ya mwisho? Maana shangazi ana mtoto mchanga ambaye babu yake hajamwona, na babu mwenyewe najua hana kazi siku za mapumziko zaidi ya kukaa mlangoni na kuwataja majina wapita njia.

Nakusubiri. Shavu lako nalijua.

Mchumba asiyedanganyika

*

Tarehe 20 Aprili

Mchumba wangu,

Usinune kwa kuchelewa. Kwanza peni iliisha wino. Halafu nikanunua peni, nikakosa karatasi. Halafu nikapata vyote viwili nikakosa miwani, na siku zote hizo nilikuwa nimeivaa. Nashukuru kwa picha yako uliyotuma. Umenenepa vizuri, ama mwenye kamera alikuwa karibu mno.

Paka hajambo na wanawe. Goti lile lile.

Ngoja nikuchekeshe. Juzi tuliitwa mkutano wa wakazi, pale kwenye ukumbi wa shule. Miezi mitatu imekaribia kwisha, na mkandarasi amekuja kutuomba mingine. Alivaa kofia ngumu ya njano humo humo ndani, sijui alidhani tutamwangushia nini. Akasema, "Ndugu wakazi, tumefikia asilimia sitini."

Mama wa mboga akasimama. "Asilimia sitini ya nini, baba? Mimi nyanya zangu zikizungushwa na hilo basi zinafika soko la ng'ambo zimeshakuwa mchuzi asilimia mia."

Dereva wa bodaboda naye, "Mimi siku hizi abiria wangu ni wale wa kwenda kulitazama daraja na kurudi. Na wakifika wanasema, kumbe lenyewe ndilo hili, hawataki kulipa."

Mwalimu mkuu akasema nusu ya wanafunzi wake wako upande ule, na wakirudi watakuwa wameota ndevu. Watu wakacheka. Halafu fundi bomba akasimama, yule mpole asiyesema mikutanoni. Akasema mkewe alishikwa na uchungu, wakazunguka, akajifungulia ndani ya basi kati ya magunia. "Wote wazima," akasema. "Lakini nataka huyu mwenye kofia ajue." Mwenye kofia akaivua.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye maoni mengine. Nikasimama mimi. Nikasema, "Mimi naona tusiwaharakishe mafundi."

Ungeona shingo zilivyogeuka.

"Mzee, umesemaje?"

"Nasema daraja si suruali. Huwezi kuja kulipunguza kiunoni watu wakiwa wameshalivaa. Waacheni wakae nalo. Miezi mitatu, sita, hata mwaka. Mbona kumetulia? Hakuna honi, hakuna vumbi, watoto wanacheza mpira katikati ya barabara."

Mama wa mboga akasema, "Huyu kahongwa."

"Kahongwa nini?" akauliza bodaboda. "Kokoto?"

Tangu siku hiyo wananiita Wakili wa Daraja. Mama muuza chai ameirudisha sukari yake kwenye kipimo cha zamani. Nikipita, mafundi wa daraja wananipigia saluti, na nadhani hao ndio marafiki pekee niliobaki nao mtaa huu.

Mfuko unaendelea kwenda na kurudi. Bibi yako anashona vizuri, matundu ya vifungo yamenyooka.

Maswali yako nimeyasoma.

Babu

*

Tarehe 5 Mei

Babu,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mgonjwa mmoja amesahau jino lake. Halafu nimekaa nikafikiri, na kicheko kimeisha.

Mtaa mzima unataka daraja lifunguliwe. Mama wa mboga analitaka, bodaboda analitaka, mke wa fundi bomba ana haki ya kulitaka kuliko wote. Anayetaka libaki limefungwa ni mtu mmoja tu, na huyo ndiye ambaye mkewe yuko upande wa pili. Mimi nimesoma kidogo kukupita, lakini hata ungeniachisha shule darasa la kwanza hili ningeling'amua.

Nimempigia shangazi. Hakutaka kusema. Mtoto akalia, akataka kumaliza upesi ili ambembeleze, na kwa haraka ile akasema yote.

Kumbe alikuja yule mteja wa suti, mwenye tumbo. Akajitazama kwenye kioo akasema, "Mzee, unajua kushona." Kibanda kimejaa watu. Na wewe ukaona hapo pana nafasi ya mzaha, kama kawaida yako. Ukasema, "Mimi ndiye fundi. Cherehani ndiyo inayoshona, huyu mama anakanyaga tu." Watu wakacheka. Bibi naye akacheka. Akamaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi, akaifunika cherehani kwa kitambaa chake, akasema anakwenda kwa shangazi kumsubiri mtoto. Na shangazi alikuwa bado na wiki tatu za kusubiri.

Babu, Bibi hakukwama. Alikuwa ameondoka. Daraja lilikuja kuwaokoa nyote wawili, wewe usimfuate na yeye asiulizwe.

Sasa nakuambia jambo ambalo naona hulijui. Mama mkwe wa shangazi amempa Bibi cherehani yake ya zamani. Ameiweka barazani. Watu wa upande ule wameanza kumletea vitambaa. Na wiki iliyopita, Babu, Bibi amenunua mkasi mkubwa.

Anakata mwenyewe. Shangazi anasema nguo ya kwanza ilikwenda upande, ya pili ikakaa. Alipomaliza alisema, "Kumbe kukata si uchawi."

Chumba cha barazani pale kimetangazwa kupangishwa, anakiulizia.

Mjukuu wako

*

Tarehe 16 Mei

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeipata. Hali ya hewa huku ni nzuri. Paka wadogo wamefungua macho.

Yule mteja alicheka yeye, mimi nilisema tu. Na mtu akishaishi na mwenzake miaka yote hiyo anajua lipi mzaha na lipi si mzaha. Kama alichukia angesema. Mimi nikichukia nasema.

Mfuko wa wiki hii umerudi. Mlinzi alinipa akaangalia pembeni. Vipande vimo vile vile nilivyovikata, vimekunjwa vizuri sana. Havikushonwa.

Sina zaidi.

Babu

*

Tarehe 30 Mei

Babu,

Shikamoo. Sikukuandikia kukuumiza.

Wametangaza kwenye redio kwamba daraja lenu litafunguliwa mwanzoni mwa Julai. Safari hii nadhani ni kweli, kwa sababu wametaja na jina la bendi itakayopiga.

Najua unavyofikiri. Unafikiri utasubiri lifunguliwe, kisha jioni moja utajitembeza taratibu, mikono mgongoni, ukifika kwa shangazi utasema ulikuwa unapita tu kuangalia kazi ya zege. Na Bibi atakukaribisha kama mgeni, atakupa kiti, na utarudi ulivyokuja. Likishafunguliwa, Babu, kila mtu atavuka. Kuvuka hakutakuwa na maana yoyote. Siku ambazo safari ni ya shida ndizo hizi zilizobaki.

Sitaandika tena mpaka uniandikie.

Mchumba wako, bado

*

Tarehe 19 Juni
Kwa shangazi yako, ng'ambo

Mchumba wangu,

Marahaba, maana najua utaanza na shikamoo. Ukiona anwani hapo juu usipapase miwani. Umeona sawasawa.

Nilikaa na barua yako siku nyingi. Nilikuwa naitia mfukoni, naitoa, nairudisha. Mwisho nikaenda nikaifunua cherehani. Nilikuwa na kitambaa changu cha kijivu, kizuri, nilichojiwekea kwa siku ya kuonekana na watu. Nikajipima. Nikakata, na kukata huko nilikata hasa. Kisha nikavuta kiti nikakaa.

Ile mashine ina roho mbaya. Ukikanyaga mbele inarudi nyuma. Uzi unakatika, unatunga sindano, unakatika tena kabla hujavuta pumzi. Nikisukuma kitambaa kinajikunja, nikikiacha kinaelekea nyumbani kwao. Nilikanyaga mpaka goti lililokuwa linasikiliza likaanza na lenyewe kulalamika. Nilijishona kidole. Wiki nzima nilihangaika, nikawa nimefunga kibanda, watu wakadhani Wakili anaumwa.

Ikapatikana suruali. Kwa mbali ungesema ni suruali. Mguu mmoja unatazama mbele, wa pili unatazama kwa jirani. Mfuko wa kushoto nimeushona juu mpaka chini, hata sarafu haipiti. Zipu ilipanda nusu ya njia ikapumzika hapo hapo, nikateremsha shati.

Nikaivaa.

Nilipopita kwa mama muuza chai aliiangalia muda mrefu. "Wakili, unakwenda wapi namna hiyo?" Nikamwambia ng'ambo. Akaelewa, nadhani, kwa sababu hakucheka. Alisema tu, "Vaa na koti, basi." Sikuvaa.

Ndani ya basi kondakta akaniuliza, "Mzee, hiyo suruali nani kashona?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

Basi zima likacheka mpaka daraja la juu. Mama mmoja mwenye kuku alicheka akamwachia kuku, na kuku akaja kutua kwenye goti langu, akaitazama zipu. Nusu siku, mchumba, nimekaa katikati ya watu nachekwa, na sikujibu neno. Jaribu kunifikiria mimi nimekaa nusu siku bila kujibu.

Nikafika. Bibi yako yuko barazani, wateja wamejaa kwenye benchi, ana ule mkasi mkononi. Shangazi yako alikuwa amembeba mtoto, akaniona wa kwanza, akakaa chini. Bibi yako akainua macho. Alianzia kwenye viatu, akapanda polepole. Akafika kwenye mfuko, akasimama hapo kidogo. Akaendelea. Alipofika usoni akauliza, na wateja wote wanasikia:

"Nani kakushonea hiyo?"

Nikasema, "Cherehani. Mimi nilikuwa nakanyaga tu."

Akaweka mkasi chini. Akanigeuzia mgongo, uso ukutani, na mabega yanatikisika. Sikujua analia au anacheka. Miaka yote nimeishi naye na bado kwa nyuma siwezi kutofautisha. Watu wa benchi hawakujua watazame wapi, wakaitazama suruali.

Alipogeuka uso ulikuwa mkavu. Akasema neno moja tu. "Vua."

"Hapa?"

"Ndani, mzee mzima wewe. Unataka nikose wateja?"

Basi nilikaa mchana ule nimejifunga shuka la shangazi yako, mtoto nimempakata. Ni kweli tumefanana, ila yeye ana haya. Bibi yako alikaa karibu yangu na wembe, anaifumua ile suruali mshono baada ya mshono. Kila akifika pale nilipokosea zaidi anasimama, ananitazama, anaendelea. Ilipokwisha kuwa vipande akavipanga mezani akavilaza kwa kiganja.

"Umekata vizuri," akasema.

Nikasema na yeye nasikia anakata. Akanionyesha gauni alilomkatia jirani wa bata. Kola imekwenda upande kidogo. Kidogo tu. Mtu mwingine asingeona. Nilifungua mdomo, mchumba. Nikaufunga. Nikasema ni zuri, na akanitazama vile unavyowatazama wale wenye shavu lililovimba, lakini hakunibishia.

Nina siku kadhaa hapa sasa. Nimepewa kazi ya kufumua na kushona vifungo kwa mkono. Jana wateja walimwuliza mimi ni nani. Akasema, "Fundi mgeni, ndiyo kwanza anajifunza." Wakacheka wote. Nami nikacheka, na nilipomaliza kucheka nikaona kimenichoma mahali fulani, na yeye alikuwa ananiangalia kuona kama kimechoma.

Kuhusu chumba cha kupangisha, hajaniambia na sijauliza. Kuhusu kurudi nyumbani, hivyo hivyo. Huko kwetu mwenyekiti ameleta ujumbe kwamba Wakili anatakiwa kwenye sherehe ya kufungua daraja, eti nikae mbele, karibu na mwenye kofia, watu wanicheke vizuri. Nimemjibu niko kazini.

Jana, alipokuwa anafunika cherehani yake, hii aliyopewa, akasema bila kunitazama, "Daraja likifunguliwa nitahitaji mtu wa kunibebea cherehani kuvuka."

Unajua zilivyo nzito. Miguu yake ni ya chuma.

Nikasema nipo.

Cherehani moja iko huku na nyingine iko nyumbani. Hakusema ni ipi, wala inatoka upande gani kwenda upande gani, na mimi sikuuliza. Nimeanza kulikanda goti kwa maji ya moto asubuhi na jioni.

Mke mwenzio anakusalimu. Anasema nisikujazie karatasi kwa porojo, kuna vifungo vinanisubiri.

Babu